Mkono wa fundi wikendi ya Madaraka

Ijumaa ya kuingia wikendi ndefu, saa kumi jioni, Commercial Street ya Nairobi haipitiki. Viwanda vinamwaga wafanyakazi wa mchana, mikokoteni inagombania njia na malori, na katikati ya umati unawaona vijana wenye ovaroli zilizotobolewa na cheche, mabegi mgongoni, wakielekea Mukuru, Kaloleni, Makongeni na kwenye steji za magari ya mbali. Hao ni wanagenzi. Hapa Industrial Area ndipo yalipo makao ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, ambayo wazee wa Eastlands bado huiita DIT ingawa jina hilo lilikwisha mwaka 2011. Chuo cha mafunzo ya nguo, KTTI, nacho kiko papa hapa.

Kalenda imekuwa na huruma. Mwaka 2025 Madaraka iliangukia Jumapili, na sheria ya Kenya inasema sikukuu ikianguka Jumapili, Jumatatu yake huwa ya mapumziko. Mwaka 2026 tarehe 1 Juni ni Jumatatu yenyewe. Ama kwa hili ama kwa lile, mwanagenzi anapata siku tatu. Tatizo ni kwamba siku hizo huja mtihani wa daraja ukiwa mbele yake, na ndipo swali ninaloulizwa kila mwaka linaponijia mlangoni mwa karakana: “Mwalimu, nikikaa nyumbani siku tatu, mkono hautalala?”

Hulala. Huamka pia, na huamka upesi kuliko anavyodhani anayeuliza.

Chukua kuchomelea, ambako ndiko ninakofundisha. Mtihani wa Grade Three hauulizi tu kama unajua jina la rodi. Unataka mshono ulionyooka, usio na matundu, uliozama vya kutosha kwenye chuma bila kukitoboa. Ili kuupata, ncha ya rodi lazima ikae mbali na chuma kwa kiasi cha unene wa rodi yenyewe, basi. Rodi ya milimita 2.5 inakupa nafasi ya milimita mbili na nusu, nayo rodi inazidi kuwa fupi kadiri inavyoungua, kwa hiyo mkono lazima ushuke polepole huku ukisonga mbele. Hakuna anayepima kwa rula. Mkono unajua, na sikio linausaidia, maana moto uliokaa sawa hulia kama mayai kwenye kikaango na moto uliotanuka sana huvuma na kutapika cheche.

Ujuzi wa namna hiyo hauishi haraka. Mtu aliyeacha baiskeli miaka kumi huipanda tena. Kinachotokea baada ya mapumziko mafupi ni kitu kingine, ambacho watafiti wa mafunzo ya mwendo wamekichunguza kwa miongo mingi: majaribio mawili matatu ya mwanzo huwa mabovu, kisha mkono unarudi ulipokuwa, na wakati mwingine unapita pale. Si usahaulifu. Ni kama injini ya asubuhi ya Julai. Lakini kijana asiyelijua hilo huona rodi yake ya kwanza Jumanne imezaa mshono kama kinyesi cha njiwa, anaingiwa na hofu, anaapa kwamba hatapumzika tena mpaka mtihani uishe. Hapo ndipo makosa yanapoanza.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili Waingereza, Baddeley na Longman, walichapisha utafiti uliohusu wafanyakazi wa posta. Posta ya Uingereza ilikuwa ikiwafundisha watu wake kutumia kibodi ili barua zipangwe kwa mashine. Wakagawanywa makundi manne. Kundi moja lilifanya mazoezi saa moja tu kwa siku, jingine saa nne kwa siku, na mengine mawili yalikuwa katikati. Ukihesabu jumla ya saa zilizohitajika kufika kiwango kile kile, kundi la saa moja kwa siku ndilo lililotumia saa chache zaidi, na kundi la saa nne ndilo lililotumia nyingi. Vidole vilijifunza zaidi pale mazoezi yalipoachiwa nafasi ya kupumua.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi ya utafiti ule ni hii: walipoulizwa kama wameridhika na ratiba yao, kundi la saa moja ndilo lililoridhika kidogo kuliko yote. Waliona wenzao wanamaliza mapema kwa hesabu ya siku, wakahisi wamebaki nyuma. Yaani mwanafunzi mwenyewe si shahidi mzuri wa kujifunza kwake. Nimeliona hilo karakanani mara nyingi mno. Anayechoma rodi sitini kwa mkupuo hutoka akijisifu, na anayechoma kumi na tano kisha akakaa kunywa chai hutoka na aibu, ilhali wiki inayofuata ndiye mwenye mshono safi.

Usingizi una kazi yake humo. Mwaka 2002 kikundi cha Matthew Walker huko Marekani kiliwafundisha watu kugonga vidole kwa mpangilio fulani, kisha kikawapima tena. Waliolala usiku waligonga haraka zaidi kwa asilimia 20 hivi bila kufanya zoezi lolote la ziada, na waliokaa macho kwa muda kama huo hawakupata faida ya maana. Watafiti wa baadaye wamebishana kuhusu ukubwa wa hiyo asilimia, wengine wakisema sehemu yake ni uchovu kuondoka tu. Sawa. Kwa mwalimu wa karakana tofauti hiyo haina uzito mkubwa, maana uchovu nao huharibu chuma.

Sasa turudi Eastlands, maana vitabu vya usingizi vimeandikwa na watu wenye chumba cha kulala chenye mlango. Mwanagenzi wa Mukuru kwa Njenga analala chumba kimoja na wadogo zake, ukuta ni mabati, na jirani amenunua spika kwa ajili ya wikendi hii hii. Ijumaa anakesha kwa kuwa hawezi kulala, Jumamosi anakesha kwa kuwa amelala mchana, Jumapili yuko macho kama popo. Jumanne saa kumi na moja alfajiri mwili wake unadhani bado ni usiku wa manane. Mjerumani Till Roenneberg na wenzake waliipa hali hii jina mwaka 2006, wakiifananisha na uchovu wa msafiri wa ndege aliyevuka kanda nyingi za saa, ingawa huyu hajavuka hata Mto Ngong. Ushauri wangu juu ya hilo ni mmoja na ni mgumu: lala ukichelewa ukipenda, lakini amka karibu na saa yako ya siku zote. Saa ya kuamka ndiyo inayoushika mwili. Kama Jumapili umezidiwa, jinyooshe nusu saa baada ya chakula cha mchana, kisha toka nje kwenye jua.

Kinachosahaulika kweli ni cha kichwani. Ampea za rodi (ile ya milimita 2.5 hutaka kati ya 60 na 100 hivi, kutegemea unene wa chuma), alama za michoro, kanuni za usalama. Mjerumani mwingine, Ebbinghaus, alijifanyia majaribio ya kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Zaidi ya nusu ya faida ya kukariri ilikuwa imepotea ndani ya saa moja, lakini kati ya siku ya pili na ya sita kilichopotea kilikuwa kidogo sana. Kwa hiyo si Jumatatu inayokula masomo yako. Ni Ijumaa jioni. Daftari likifunguliwa dakika kumi ndani ya matatu, palepale Jogoo Road msongamano ukiwa umewafunga, linaokoa zaidi kuliko saa tatu za Jumatatu usiku.

Adui mkubwa wa wikendi hii, hata hivyo, si spika wala daftari. Ni kibarua. Kanuni za mishahara za Kenya zinataka kazi ya siku ya sikukuu ilipwe maradufu, na hata yule kibarua wa mlangoni asiyelipwa hivyo anajua kuwa siku ya sikukuu mikono ni michache na bei hupanda kidogo. Simlaumu kijana. Kodi ya nyumba haina Madaraka. Ila hesabu yake ni ya zamani: mwaka 1915, katikati ya vita, serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha, ambao walikuwa wakifanya kazi hata Jumapili. Kamati ilipendekeza Jumapili irudishwe kuwa ya mapumziko, kwa kuwa siku saba za kazi zilikuwa zikitoa mazao yasiyozidi ya siku sita. Na hayo yalisemwa wakati nchi ilihitaji kila risasi.

Mimi mwenyewe sikusikia. Nilipokuwa mwanagenzi, wikendi kama hii, nilichukua kazi ya kuchomelea mageti katika karakana ya pembeni mwa barabara, kioo cha kujikinga kikiwa kimoja kwa watu watatu. Tulikuwa tukifumba macho na kubahatisha. Mchana wote sikuhisi kitu, na ndivyo mwanga wa moto ule unavyowadanganya watu: madhara hujitokeza saa sita hadi kumi na mbili baadaye. Saa saba usiku nilihisi mchanga umemwagwa chini ya kope, machozi yakitiririka, nikishindwa hata kutazama koroboi. Macho hupona baada ya siku moja au mbili. Mapumziko yangu yakawa yamekwisha, na hela za geti zikaishia kwa mwenye duka la dawa.

Kwa hiyo anayeuliza kuhusu mkono wake mimi humwambia hivi: nenda nyumbani, ule kwa mama, ulale. Ukipenda, shika kalamu dakika tano kwa siku, uishushe polepole juu ya meza kama unachoma. Jumanne fika mapema kidogo, tafuta kipande cha chuma chakavu nyuma ya karakana, uchome rodi tatu ambazo hutamwonyesha mtu. Usizitazame sana. Zitupe kwenye pipa la vyuma, kisha njoo tuanze.