Kora alimezwa na ardhi, wanawe je?

Kisa cha Kora husimuliwa sana makanisani, hasa waumini wanapoanza kuwanung'unikia viongozi. Msimuliaji akifika pale ardhi ilipopasuka, anafunga Biblia. Mzazi anayefunga hapo amekosa sehemu inayomhusu zaidi.

Kora hakuwa mtu wa nje. Baba yake, Ishari, na baba yao Musa na Haruni, Amramu, walikuwa ndugu. Ulikuwa ugomvi wa ukoo, kama zile za mashamba na urithi. Kazi ya heshima alikuwa nayo, maana Wakohathi ndio waliobeba vyombo vitakatifu vya hema, lakini alitaka na ukuhani. Akaungana na Dathani na Abiramu wa kabila la Reubeni, waliopiga kambi upande huohuo wa kusini (ujirani nao una mambo yake), pamoja na wakuu 250.

Hesabu 16 inasema Dathani na Abiramu walisimama milangoni pa hema zao na wake zao na watoto wadogo. Hapo ndipo pagumu kusoma. Ardhi ikawameza. Wale 250 wakateketea kwa moto, na kesho yake, watu walipolalamika tena, tauni ikaua 14,700.

Sasa fungua sura ya 26, mstari wa 11. Katikati ya hesabu ya watu kuna neno fupi: wana wa Kora hawakufa. Basi, hakuna maelezo.

Uzao wao unaonekana tena katika 1 Mambo ya Nyakati, wakiwa mabawabu na waimbaji wa nyumba ya Mungu. Nabii Samweli anatajwa katika ukoo huo. Katika Zaburi ya 84, iliyo ya wana wa Kora, mwimbaji anaona ni bora kukaa mlangoni tu pa nyumba ya Mungu. Babu yao alikuwa na nafasi kubwa kuliko hiyo, akaiona ndogo.

Huku kwetu mtoto wa aliyefungwa kwa wizi huitwa mtoto wa mwizi mpaka anaoa, na posa hurudishwa kwa sababu ya babu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, husemwa, tena mbele ya mtoto mwenyewe.

Wana wa Kora hawakubadili jina. Liko juu ya zaburi zao hadi leo, jina lilelile la aliyemezwa.