MSOMAJI ASIYEJITAMBULISHA KATIKA SEVA YA RIPOTI

Taasisi nyingi hutoa ripoti zao kwa kutumia seva ya ripoti, yaani kompyuta inayochota taarifa katika hazina ya kumbukumbu na kuzipanga katika majedwali. Zipo ripoti, kama vile za bei za vyakula, ambazo mwananchi anastahiki kuzisoma bila ya kuulizwa jina. Maelezo haya yanafafanua namna ya kumfungulia mlango huo bila ya kuiacha wazi nyumba nzima.

Ifahamike kwamba wote wasiojitambulisha huingia kwa akaunti moja ya pamoja. Ruhusa iliyopewa akaunti hiyo wamepewa walimwengu wote, na katika msafara wa mamba na kenge wamo. Programu ya Reporting Services ya Microsoft, iliyoanza kutolewa mwaka 2004, tangu toleo la 2008 haimpokei asiyejitambulisha isipokuwa taasisi iweke yenyewe programu ya ziada ya utambuzi. Atakayefanya hivyo azingatie haya:

Kwanza, wageni wapewe ruhusa ya kusoma tu, tena katika jalada moja. Ruhusa ikitolewa kwenye jalada kuu, yaliyo chini yake huirithi, likiwemo la mishahara, ila yale yaliyowekewa ruhusa zake mbali.

Pili, akaunti ambayo seva huingilia katika hazina isiweze kuandika wala kufuta, na isifikie majedwali ya siri.

Tatu, ripoti ya wageni isitegemee namba ya mtu. Namba ikiwemo katika anwani ya ukurasa, mgeni hubadilisha tarakimu moja tu akasoma habari za mwengine.

Nne, ripoti itayarishwe mapema kwa wakati maalumu, ili wingi wa wasomaji usiielemee hazina.

Seva huweka daftari la ripoti zilizosomwa, na kwa kawaida hulihifadhi siku 60. Lakini humo wageni wote huandikwa kwa jina moja. Taarifa ikivuja, daftari halitamtaja aliyeichukua. Kwa hivyo, kinga imo katika kuchagua kinachowekwa, si katika kumsaka msomaji baadaye.

Ubao wa matangazo haubandikwi ndani ya masjala. Vivyo hivyo, ni bora ripoti za hadharani ziwe na seva yake, yenye nakala ya taarifa za hadharani pekee. Tahadhari kabla ya athari.