San Gimignano: Mji wa Minara Uliohifadhiwa na Umaskini

Msafiri anayetoka Florence kuelekea kusini, katika nchi ya Italia, hupita mashamba ya mizabibu na mizeituni kwa muda mrefu, kisha ghafla huona mbele yake jambo la kumshangaza. Juu ya kilima yasimama majengo marefu, membamba, yaliyosongamana kama maghorofa ya mji mkuu wa siku hizi. Akikaribia ndipo atambuapo kwamba majengo hayo ni ya mawe matupu, karibu hayana madirisha, na umri wake unapita miaka 700. Huo ndio mji wa San Gimignano.

Leo minara hiyo ni 14. Zamani, yasemekana, ilikuwa 72. Kila mgeni hujiuliza: mji mdogo kama huu ulipata wapi fedha za kujenga minara yote hiyo? Na kwa nini miji mingine ya Italia iliyokuwa na minara ya namna hii haina tena?

Utajiri wa mji ulitokana na barabara na ua. Barabara ni ile iliyoitwa Via Francigena, waliyoipita mahujaji kutoka Ufaransa na Uingereza wakienda Roma. Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipokuwa akirudi kwao kutoka Roma mwaka 990, vituo vya njiani viliandikwa kwa majina, na San Gimignano ni kimojawapo. Hujaji huhitaji chakula, malazi na majani ya farasi wake, na wenyeji wa kilimani hawakuvitoa bure.

Ama ua, ni la zafarani. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zafarani ni kitu gani, maana ameionja katika biriani. Hata neno lenyewe ni moja: Waitaliano husema zafferano, nao kama sisi asili ya neno lao ni Kiarabu. Ua hilo ni dogo, la rangi ya zambarau, na ndani yake mna nyuzi tatu nyekundu tu zitakiwazo. Yahitajika maua kama 150 kupata gramu moja iliyokauka. Sisi tumezoea kusikia viungo vikitoka Mashariki kwenda Ulaya. Kumbe wafanyabiashara wa San Gimignano walikuwa wakipeleka zafarani yao mpaka Misri na Shamu! Thamani yake ilikuwa kubwa hata mwaka 1228 serikali ya mji ililipa kwa zafarani sehemu ya madeni yake ya vita.

Fedha ziliingia, na fitina ikaingia nazo. Tangu mwaka 1199 mji ulikuwa ukijitawala, umejitoa chini ya maaskofu wa Volterra. Koo mbili kubwa zikashindana: Ardinghelli, waliomfuata Papa, na Salvucci, waliomfuata Kaisari wa Ujerumani. Kila mwenye mali alijenga mnara. Wala mnara haukuwa nyumba ya starehe. Kuta zilikuwa nene mno na vyumba vya ndani vidogo. Matundu unayoyaona leo ukutani ni ya boriti zilizobeba roshani na madaraja ya mbao ya kuvukia kwenda kwa jamaa bila ya kugusa barabara, ambako pengine adui alikuwa akingoja.

Mwaka 1255 serikali ikaona mashindano yamezidi. Ikatunga sheria kwamba asijenge mtu mnara wa kuupita ule wa serikali, uitwao Rognosa, wenye mita 51. Wenyeji husimulia kwamba Salvucci, waliponyimwa mmoja mrefu, walijenga miwili pacha. Na serikali nayo, kama serikali nyingi, ikaipita sheria yake: mnara wake mpya, Torre Grossa, ulikamilika mwaka 1311 ukiwa na mita 54.

Mshairi Dante alifika hapa mwezi Mei 1300, akiwa balozi wa Florence, kulihimiza baraza la mji lijiunge na miji ya upande wa Papa. Ukumbi aliozungumzia upo hadi leo.

Mwaka 1348 ikaja tauni. Nusu ya watu au zaidi walikufa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1353, mji ulikubali kuwa chini ya Florence. Nayo njia kuu ikahamia bondeni, mahujaji wakaacha kupanda kilima.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la pili. Florence yenyewe ilikuwa na minara zaidi ya 100, lakini sheria ya mwaka 1250 iliifupisha, kisha matajiri wakaivunja wajenge majumba mapya ya fahari. San Gimignano haikuwa na fedha za kujengea, wala za kuvunjia. Minara mingi ilianguka yenyewe. Iliyokuwa imara ikabaki. Mwaka 1990 UNESCO iliutia mji katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini katika mji huo wa majivuno, anayependwa kupita wote ni msichana maskini asiyekuwa na mnara. Jina lake ni Fina. Alipatwa na ugonjwa wa kupooza, akalala juu ya ubao miaka mingi, akafa tarehe 12 Machi 1253, umri wake miaka 15. Ghirlandaio alichora maisha yake katika kanisa kuu. Kila mwezi wa Machi maua ya manjano huchanua katika nyufa za minara, na wenyeji huyaita maua ya Mtakatifu Fina.

Siku hizi utajiri umerudi, wa watalii, na pamoja nao taabu mpya. Nyumba nyingi za ndani ya ukuta zimekuwa za wageni, na wenyeji wengi wamehamia nje. Katika uwanja wa Cisterna kipo kisima cha mwaka 1273. Ukingo wake wa jiwe una mifereji iliyochimbwa na kamba za ndoo kwa karne nyingi. Hakuna achotaye maji tena. Watalii huketi juu ya ngazi zake wakila aiskrimu, hata magharibi, mabasi yanapoondoka.