Milima Inayozaa Mito: Profesa Madhav Gadgil na Kanisa la Kerala

Wapo mapadre na masista wengi waliozaliwa Kerala, kusini-magharibi mwa India, ambao leo wanatumikia huku kwetu. Nyuma ya mkoa wao imesimama milima ya Western Ghats, safu ndefu ya kilomita 1,600 hivi. Pepo za kusi, wanazozifahamu vizuri mabaharia wa pwani yetu, huikumba milima hiyo zikiwa zimebeba mvua. Humo ndimo inamochimbuka mito mikubwa ya Godavari, Krishna na Kaveri, pamoja na mito mifupi ya Kerala inayoteremka kwa kasi hadi baharini. Profesa Madhav Gadgil, mtaalamu wa ekolojia, aliwekeza maisha yake katika kuilinda. Habari zake zinaligusa Kanisa kwa namna ambayo si ya kujisifu.

Gadgil alizaliwa Pune mwaka 1942, akasoma hadi shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akarudi nyumbani. Tangu mwaka 1973 hadi alipostaafu mwaka 2004 alikuwa katika Taasisi ya Sayansi ya India, mjini Bangalore. Alikuwa mmoja wa wataalamu walioombwa kuchunguza mpango wa kujenga bwawa la umeme katika bonde la Silent Valley. Mpango huo uliachwa, na mwaka 1984 bonde likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Hoja yake ya msingi haihitaji usomi mkubwa. Mto hauanzii pale tunapochotea maji. Unaanzia katika udongo wa mlimani, uliofunikwa majani makavu na kushikwa na mizizi, unaomeza mvua ya miezi michache na kuitoa taratibu mwaka mzima. Miti ikiondolewa, au mlima ukichongwa kwa machimbo ya mawe, maji hayana tena mahali pa kutulia. Masika yanaleta mafuriko na kiangazi kinaacha mchanga mtupu mtoni. Ni kosa lilelile linalozaa maafa yote mawili, jambo ambalo watu wengi hawalitambui.

Akiwa mstaafu, mwaka 2010 serikali ya India ilimteua kuongoza jopo la wataalamu juu ya milima hiyo. Taarifa yao ya mwaka 2011 iligawa safu nzima katika kanda tatu kulingana na udhaifu wa mazingira yake, na ikapendekeza kwamba katika kanda ya kwanza pasiruhusiwe mabwawa makubwa mapya wala machimbo mapya. Tena ilisisitiza kwamba mipaka ya kanda na matumizi ya ardhi vijadiliwe na wanakijiji wenyewe katika mikutano yao. Kwa bahati mbaya serikali haikuitoa hadharani hadi mwaka 2012.

Uvumi ukajaza nafasi hiyo. Katika milima ya Idukki na Wayanad wanaishi wakulima wengi Wakatoliki, ambao wazee wao walihamia huko kwa dhiki na njaa katika karne iliyopita. Wengine hawakuwa na hati za ardhi. Waliposikia kwamba wangefukuzwa, waliandamana, hasa mwaka 2013, baada ya kamati nyingine kupendekeza ulinzi wa eneo dogo zaidi. Mapadre, na hata baadhi ya maaskofu, walisimama nao. Mchungaji hawezi kulaumiwa kwa kusimama na mkulima anayeogopa kupoteza shamba lake. Hata hivyo, kwa maoni yetu, taarifa ile ilipingwa na wengi kabla ya kusomwa, na wenye machimbo walijificha kwa urahisi nyuma ya jembe la maskini.

Mwezi Agosti 2018 mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 Kerala. Tarehe 30 Julai 2024 mlima uliporomoka usiku huko Wayanad, na watu zaidi ya 200 wakafa. Mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi, na si haki kutaja sababu moja tu. Lakini wilaya ndogo ya Vythiri, palipotokea maporomoko hayo, jopo lilikuwa limeiweka katika kanda ya kwanza.

Katika Waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba kilio cha Dunia na kilio cha maskini havitenganishwi, na kwamba wenyeji wapewe nafasi ya pekee katika majadiliano. Wasomaji wetu wa Tanzania wanaijua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Wanajua pia machozi ya mama anayeng'olewa mboga zake kando ya mto. Halmashauri ya parokia ikiletewa shauri la namna hiyo, ianze kwa kuisoma sheria yenyewe pamoja na wanaolima pale, kisha iulize ni wapi pengine watakapopata shamba.