Supagluu Ikiganda Kwenye Kibodi

Kitufe kikichomoka kwenye kompyuta mpakato, wengi wetu hukimbilia duka la jirani kununua supagluu. Tone moja linatosha kuleta balaa: linatambaa chini ya vitufe vya pembeni, na baada ya muda mfupi A na S havibonyezeki tena. Kisha mtu anachukua dawa ya kutolea rangi ya kucha, na hapo ndipo kibodi inapoharibika kweli.

Kemikali iliyomo ndani ya gundi hii huitwa sianoakrileti. Mwaka 1942, mkemia Harry Coover wa kampuni ya Kodak, Marekani, alikuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Kemikali hiyo ilinata kila ilipogusa, akaiweka kando. Mwaka 1951 yeye na mwenzake Fred Joyner waliirudia. Joyner aliipaka katikati ya vipande viwili vya kioo vya kifaa cha kupimia jinsi mwanga unavyopinda, na vioo vikagoma kuachana. Safari hii Coover akaona kwamba ile kero ndiyo mali yenyewe. Mwaka 1958 gundi ikaingia sokoni.

Siri yake ni maji. Rangi ya ukutani hukauka kwa kupoteza maji, lakini supagluu huganda kwa kuyapata. Ndani ya chupa molekuli zake zimetengana. Zikikutana na unyevu wa hewani, au ule mdogo kabisa ulioko juu ya kila kitu tunachokigusa, hushikana moja baada ya nyingine hadi kuwa minyororo mirefu ya plastiki ngumu. Ndiyo maana vidole hunasa upesi hivyo, na ukiipulizia pumzi unaiharakisha tu kuganda. Ikiwa bado mbichi, usiifute kwa pamba: gundi na pamba vikikutana hutoa joto linaloweza kuunguza ngozi.

Kwa hiyo kilichoganda kwenye kibodi yako ni plastiki juu ya plastiki. Asetoni, iliyomo katika dawa nyingi za kutolea rangi ya kucha, huiyeyusha gundi, ni kweli. Lakini huiyeyusha pia ABS, plastiki inayotumika kutengenezea vitufe vingi. Uso wa kitufe hulainika, maandishi hufutika, na kimiminika huteremka kwenye sehemu za ndani.

Gundi iliyoganda ina upungufu mmoja mkubwa. Ukiivuta moja kwa moja itakushinda nguvu, ila ukiibandua kuanzia ukingoni huvunjika, kwa kuwa haipindi. Zima kompyuta, chomoa chaja, na kama betri inatoka, itoe. Chukua kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake, ilaze karibu sambamba na kitufe, sukuma taratibu chini ya ukingo wa gundi. Itatoka vipande vidogo vyeupe. Katikati ya vitufe tumia kijiti cha kuchokolea meno, huku umeinamisha kompyuta ili vipande vidondoke nje. Wembe na bisibisi viache mezani. Usikwangue juu ya herufi zilizochapwa. Bora doa libaki kuliko herufi kupotea.

Kitufe kilichokwisha kutoka kiloweke peke yake kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa saa kadhaa, kisha jaribu tena kuibandua gundi. Kikaushe kabisa kabla ya kukirudisha. Maji yasiguse kompyuta yenyewe hata kidogo.

Gundi ikiwa imefika kwenye vile vimikono vyembamba vya plastiki vinavyokiinua kitufe, acha kukwangua. Vimikono hivyo huvunjika kwa urahisi sana. Mpelekee fundi, umuulize kama ana kibodi mbovu ya aina hiyohiyo ya kuchomoa kitufe na vimikono vyake. Na kitufe kikichomoka siku nyingine, usikigundishe: kimetengenezwa kushikwa na vimikono hivyo, na gundi itakizuia kubonyezeka.