Lin na Twiga: Jina Lililomtangulia Mnyama

Makala haya yanachunguza herufi moja ya Kichina, 麟, isomwayo "lin", ambayo mwaka 1415 alivishwa twiga aliyetoka Malindi, pwani yetu hii hii. Ndugu msomaji, usiniulize mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini kwenye Kichina. Mnyama ni wetu. Hoja yangu ni kwamba jina la mnyama halisomeki peke yake. Husomeka pamoja na alama lililopachikwa, na mpachikaji ana lake jambo.

Herufi na maana yake

Herufi hiyo ina sehemu mbili. Ya kulia huelekeza matamshi. Ya kushoto ni alama ya kulungu, nayo humwambia msomaji kabla hajafika mbali: hapa tumo katika jamii ya kulungu. Mara nyingi lin huandamana na mwenzake, wakaitwa pamoja "qilin", na huyo mwenzake naye ana kulungu ubavuni. Erya, kamusi ya kale ya Wachina, inamweleza lin kuwa ana mwili wa jamii ya kulungu, mkia wa ng'ombe na pembe moja. Kwa kifupi, ni mnyama wa maandishi. Kitabu cha taratibu na heshima, Liji, kinamweka katika viumbe wanne wenye baraka, pamoja na joka, kobe na ndege wa ajabu. Katika mkusanyiko wa kale wa mashairi, Shijing, limo shairi linalotumia miguu ya lin kuwasifu watoto wa mtawala.

Lakini yapo matumizi mengine, na hapa ndipo penye utamu. Chunqiu, tarehe ya dola ya Lu ambayo mapokeo huihusisha na Confucius, inafikia habari ya mwaka 481 K.K.: lin amekamatwa mawindoni. Wafasiri wa baadaye wakasema Confucius alilia. Kwa nini? Lin alitarajiwa kutokea penye utawala mwema, kumbe huyu katokea wakati wa vurugu, tena akakamatwa! Basi neno lile lile lina sifa na lina shutuma.

Twiga wa Malindi

Mwaka 1414 twiga wa kwanza alifika China akiwa zawadi ya mtawala wa Bengal. Mwaka uliofuata akaja wa Malindi. Hizo zilikuwa zama za misafara ya majini ya Zheng He. Barazani twiga hao wakaitwa qilin, na mwandishi wa mfalme, Shen Du, akatunga sifa za yule wa 1414.

Wapo wanaosema eti Wachina walidanganyika tu, hawakuwa wamemwona twiga. Mimi sikubaliani nao. Mfalme Yongle alikitwaa kiti kwa vita mwaka 1402, akimwondoa mtoto wa kaka yake. Mtawala wa namna hiyo anahitaji sana dalili ya mbinguni. Waliomsifu walichukua nusu ya neno, ile ya baraka, na nusu ya machozi wakaiacha kabatini. Huo si ujinga wa wanyama. Ni usomaji wenye maslahi, na sisi wahakiki tunaujua vizuri.

Je, Kiswahili?

Mtu atasema hayo ni ya Wachina. La hasha. Sisi hatuandiki alama ya kulungu, lakini tuna ngeli, nayo hufanya kazi inayofanana na hiyo. Hebu tushuke Kariakoo. Mtaa wa Msimbazi kuna klabu iliyoitwa Sunderland, jina la mji wa Uingereza, hadi mwaka 1971 ilipojiita Simba. Sasa sikiliza sentensi tatu za pale sokoni: "Simba imefungwa", "Simba wamefungwa", "Simba amefungwa". Ya kwanza ni timu, haina mjadala. Ya pili yaweza kuwa wachezaji, au simba wengi wenye minyororo. Ya tatu ni mnyama mmoja, na kamba ipo. Jina halikubadilika hata kidogo. Kiambishi ndicho kilichotuonyesha njia.

Ila shabiki hakubali kukaa hapo. Siku ya ushindi utamsikia: "Mnyama kaua!" Kaitoa klabu kwenye ngeli ya vitu, kairudisha kwenye A-WA ili ipate meno. Siku ya kipigo, mtani wake wa Yanga, ambayo makao yake yako mitaa ya Twiga na Jangwani, hutumia ngeli hiyo hiyo: "Mnyama kachinjwa." Neno ni moja, lina sifa na lina shutuma, kama lin.

Hitimisho

Leo Wachina humwita twiga "changjinglu", yaani kulungu mwenye shingo ndefu. Alama ya jamii imebaki, sifa za mfalme zimevuliwa. Wajapani wao bado humwita twiga "kirin", jina lile lile la baraka.

Katika uhakiki wetu tumezoea kukutana na mnyama na kukimbilia swali moja: ni ishara ya nini? Simba ni ubabe, fisi ni ulafi, tumemaliza, tunafunga daftari. Napendekeza tuongeze maswali mawili: nani kampachika ishara hiyo, na ni nusu gani ya neno aliyoificha? Twiga wa Malindi hakuulizwa. Tuwaulize waliomwandika.