Muuza kompyuta anakula wapi?

Mnunuzi wa kompyuta mpakato akiingia Kariakoo, Dar es Salaam, wa kwanza kumpokea ni winga. Hana fremu wala mzigo. Mtaji wake ni mdomo na ramani ya maduka iliyo kichwani. Tuseme umemwambia una laki sita. Atakupeleka kwa anayeuza laki tano na nusu, bei itatajwa laki sita, na hiyo hamsini ni cha juu chake.

Sina ugomvi na mawinga. Winga mzuri anakuokoa kuzunguka juani nusu siku, na wenye maduka wanamtumia kama tangazo linalotembea. Ila hesabu yake inamfunga muuzaji. Huyu amelipa kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo, pengine na kilemba juu yake, halafu faida ya mashine moja anaigawa na mtu wa barabarani. Mteja aliyeletwa na winga hatarajiwi kurudi, na akirudi na malalamiko anakuwa hasara tupu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, chunguza duka lenyewe linakula wapi. Yapo yanayokula kwenye kuuza tu. Yapo pia yanayokula kwenye yale yanayofuata: kuongeza RAM, kubadilisha betri na kibodi, kutoa diski ya zamani na kuweka SSD, kuhudumia kompyuta za shule au zahanati ya jirani. Duka la aina hii ya pili likikuuzia kimeo linajinyima mapato ya miaka. Mengi ya maduka hayo hayako Kariakoo. Yako karibu na vyuo, au mtaani kwenu, na meza ya fundi inaonekana tangu mlangoni. Bei yake inaweza kuzidi kidogo. Mimi ningeilipa.

Maduka makubwa ya Posta yanayouza mpya boksini ni habari nyingine. Hayo yanaishi kwa zabuni za maofisi, na mnunuzi wa mashine moja asishangae akiambiwa asubiri.

Wengi wetu hata hivyo tunanunua mtumba wa maofisini. Kampuni za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za wafanyakazi kila baada ya miaka michache. Zinauzwa kwa mafungu, nyingi zinapitia Dubai, ndipo zinafika kwetu. Hakuna aibu hapo. Latitude, EliteBook na ThinkPad zilitengenezwa kwa kazi nzito, na iliyotunzwa inaweza kudumu kuliko mpya ya bei ya kutupa. Tatizo ni kwamba umri hauonekani kwa nje: gamba limepulizwa rangi, kibodi imebadilishwa, stika inang'aa.

Umri unasomeka kwenye jina la prosesa. Mfano, EliteBook 840 G3 mara nyingi huja na i5-6300U, na hiyo 6 inayofuata kistari ni kizazi cha sita. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, inataka kizazi cha nane kwenda juu. Utaikuta G3 mezani ikiwa na Windows 11 hiyo hiyo, kwa sababu fundi aliruka ukaguzi alipoiweka. Itawaka na utaandika barua zako vizuri tu, lakini Microsoft haiahidi kuipa masasisho. Muuzaji mkweli hukwambia hilo bila kuulizwa na kushusha bei.

Kisha betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, ufungue faili litakalotengenezwa. Humo kuna namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ya kwanza ikiwa 46,000 na ya pili 20,000, jiandae kukaa karibu na soketi. Zima, washa tena, ingia BIOS. Ikidai nywila ambayo hata muuzaji haijui, mashine bado imefungwa na kampuni iliyoitumia zamani. Iache hapo hapo. Huku ukifanya haya, mtazame mwenye duka. Mmoja atakusogezea kiti. Mwingine ataanza kukuharakisha, eti kuna mteja yuko njiani kuja kuichukua.

Waranti nayo husemwa zaidi kuliko kuandikwa. Ukiambiwa miezi mitatu, uliza kama betri, chaja na kioo vimo, maana mara nyingi havimo. Taka iandikwe pamoja na namba ya mashine, na uchukue risiti ya EFD. Wapo watakaokutajia bei mbili, ya risiti na isiyo na risiti. Kisheria hata mnunuzi asiyedai risiti ana kosa, na anayekushawishi uiache anajitengenezea njia ya kukukana utakaporudi.

Ukipeleka mashine kutengenezwa, mwambie fundi aandike ukubwa wa RAM na SSD mbele yako. Kunyofoa vipuri ni wizi mdogo usioonekana mpaka kompyuta ianze kujivuta wiki mbili baadaye. Mafaili ya siri yahamishe kabla hujatoka nyumbani.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Bado maduka yanatundika bango la "mali ikiuzwa hairudishwi", kana kwamba karatasi ukutani inafuta sheria. Tume ipite Kariakoo iyashushe mabango hayo, na iwatake wauzaji waandike masharti ya waranti na kumkabidhi mteja pamoja na risiti.